Kinywe, Mkaa na Almasi ya Fundi Vioo

Almasi pekee inayoingia katika maabara yetu ya kemia ni ile iliyobanwa kwenye ncha ya kikatio cha fundi vioo. Ni chembe ya kijivu, ndogo kuliko punje ya ulezi, na haimeti hata ukiielekeza juani. Fundi mwenyewe hana jina jingine la chombo hicho. Anakiita almasi, basi. Anakiegemeza kwenye rula, anakivuta mara moja juu ya kioo, kinatoa mlio mkali, halafu anakigonga kioo kwa chini kikakatika kwa kufuata mstari. Kila tunapofika kwenye mada ya kaboni namwomba aje darasani, kwa sababu shule yetu iko mkoani Shinyanga, na mwanafunzi wa Shinyanga anayemaliza Kidato cha Nne bila kuiona almasi ikifanya kazi naona mimi mwalimu wake nimemnyima kitu.

Habari za almasi wanazo tangu utotoni. Mwadui iko wilayani Kishapu, si mbali na mjini, na wapo wanafunzi ambao babu zao waliajiriwa mgodini. John Thorburn Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliupata mwamba wa almasi wa Mwadui mwaka 1940 na kuumiliki mgodi hadi alipofariki mwaka 1958. Oktoba 1947 mgodi ulitoa almasi ya waridi yenye karati 54.5, naye akaitoa zawadi ya harusi kwa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa mwaka huo. Ilikatwa huko London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Mwaka 2021 almasi nyingine ya waridi kutoka mgodi huohuo, yenye karati 32.32, iliuzwa kwa dola za Marekani milioni 13.8.

Watoto wanazikariri bei hizi bila kufundishwa. Ninachotaka wakijue baada ya bei ni uzito. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe lile la mwaka 2021 halikufika hata gramu saba, na gramu zote hizo zilikuwa kaboni. Gunia la mkaa linalosimama kando ya barabara likisubiri mnunuzi lina kaboni nyingi kuliko hiyo kwa maelfu ya mara.

"Sasa Madam, kwa nini mkaa usiuzwe bei hiyo?" aliuliza mtoto mmoja, na wenzake wakacheka. Hakuna cha kuchekwa hapo. Ndilo swali lenyewe, na limewahi kuwasumbua watu wenye akili nyingi sana.

Jibu la kwanza lilitafutwa kwa moto. Mwaka 1772 Mfaransa Antoine Lavoisier aliielekezea almasi jua kali kupitia lenzi kubwa. Almasi ikaungua, na hewa iliyotoka ikayachafua maji ya chokaa yakawa meupe, vilevile ifanyavyo hewa itokayo kwenye mkaa unaowaka. Mwaka 1779 Carl Wilhelm Scheele, aliyekuwa akiuza dawa huko Sweden, akaonyesha kwamba kinywe, ile kaboni nyeusi ya penseli, nacho kikiunguzwa hutoa hewa hiyohiyo. Kisha mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant akafanya jaribio ambalo mimi hulisimulia kuliko yote, kwa sababu msingi wake ni mizani. Alichoma almasi, akachoma na mkaa wenye uzito sawa na almasi ile, akapima hewa ukaa iliyotoka kila upande. Vipimo vikalingana. Baada ya hapo hakukuwa na nafasi ya kusema kwamba ndani ya almasi kuna kitu cha ziada ambacho mkaa hauna.

Moto huo si hadithi za maabara tu. Almasi iliyo katika hewa ya kawaida huanza kuungua joto likifika nyuzi 700 na kitu, na moto wa sonara unafika huko bila shida. Ndiyo maana sonara anayejua kazi yake hulitoa jiwe kabla ya kuichomelea pete, au hulikinga lisiguswe na mwali.

Kama mali ghafi ni moja, tofauti iko kwenye ujenzi. Atomu ya kaboni ina elektroni sita, na nne kati yake ziko nje, tayari kushikana na majirani. Katika almasi kila atomu inashikana na nyingine nne, zimepangwa kuizunguka pande zote, na kila moja ya hizo nne inashikana na zake nne, hivyo hivyo hadi ukingoni mwa jiwe. Hakuna upande ulioachwa wazi. Ukitaka kuikwaruza almasi inabidi uvunje vifungo vyenye nguvu uendako kote, na hakuna madini mengine yanayoweza kuifanyia hivyo. Atomu zimebanana kiasi kwamba sentimita moja ya ujazo ya almasi ina uzito wa gramu 3.5, ilhali ya kinywe ina gramu 2.2 hivi. Elektroni zote nne zimeshikwa kazini, hakuna iliyobaki huru kutembea, kwa hiyo almasi haipitishi umeme. Joto, hata hivyo, linapita ndani yake kuliko linavyopita ndani ya shaba, karibu mara tano zaidi, kwa sababu mtetemo wa atomu moja unazifikia nyingine upesi katika jengo lililokazwa namna hiyo.

Nisimame kidogo kwenye huo ugumu, maana kuna imani iliyoharibu mawe mengi duniani: kwamba almasi ya kweli ukiipiga nyundo haivunjiki. Inavunjika. Kutokwaruzika ni jambo moja na kustahimili kishindo ni jambo jingine. Almasi ina pande maalumu ambazo vifungo vinavyozivuka ni vichache, na ikigongwa hapo inapasuka kwa mstari ulionyooka. Wakata almasi walilitumia jambo hilo kwa mamia ya miaka. Joseph Asscher wa Amsterdam aliipasua hivyo almasi ya Cullinan, kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana katika ubora wa vito, mwaka 1908. Mtu akikuletea jiwe na nyundo akitaka mjaribu, mnyang'anye nyundo kwanza.

Rangi ya waridi nayo inaeleweka kwa njia hiyo ya ujenzi. Almasi ya njano ina atomu za nitrojeni zilizojipenyeza mahali pa kaboni. Ya buluu ina boroni. Ya waridi mara nyingi haina mgeni wa kumsingizia: jengo lenyewe lilisukumwa na kupindishwa huko chini ya ardhi, atomu zikateleza kidogo kutoka kwenye mistari yake, na mwanga ukaanza kupita kwa namna nyingine.

Mgodini wanaitafuta almasi kwa tabia zake, kwa kuwa macho hayatoshi pale ambapo tani mia za mwamba hutoa karati chache tu. Ni nzito kuliko mawe mengi, hivyo huzama kwenye tope zito ambalo changarawe nyepesi huelea juu yake. Haipendi maji ila hung'ang'ania mafuta. Changarawe iliyolowa ikipitishwa juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe mengine husombwa na maji na almasi hunasa. Tena, ikimulikwa kwa eksirei hutoa mwanga wa buluu, na mashine inayouona mwanga huo huipuliza pembeni kwa hewa.

Almasi hutengenezwa kilometa 150 au zaidi chini ya miguu yetu, kwenye mgandamizo mkubwa na joto la nyuzi 1,000 hivi, na nyingi zina umri wa miaka zaidi ya bilioni moja. Zinaletwa juu na mlipuko wa mwamba unaoitwa kimbalaiti, unaopanda kwa kasi kubwa. Kasi hiyo ndiyo iliyoziokoa almasi za Mwadui. Huku juu, ambako mgandamizo ni mdogo, umbo ambalo kaboni inapaswa kuwa nalo ni kinywe. Almasi iliyoko kidoleni mwa bibi harusi imebaki almasi kwa sababu tu kugeuka kunachukua muda usiofikirika katika joto la kawaida. Ikipanda taratibu ikiwa bado na joto, inageuka. Huko Beni Bousera, kaskazini mwa Morocco, mwamba ulipanda polepole, na wanajiolojia wamekuta humo fuwele zenye nyuso nane, umbo halisi la almasi, lakini nyeusi na laini. Ukizikwangua zinaacha alama kwenye karatasi. Zilikuwa almasi zikawa kinywe, hazikupoteza hata umbo la nje. Kama ningepewa nafasi ya kuleta jiwe moja tu duniani kwenye kabati la maabara yetu, ningeiacha bruchi ya Elizabeth nikachukua moja ya hizo.

Kinywe ndicho wengi wetu tulichokishika kwanza kati ya kaboni zote, kwa sababu ndicho kilichomo ndani ya penseli, kikiwa kimechanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, kama alivyofanya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795 vita vilipomkosesha kinywe cha Uingereza. Katika kinywe kila atomu inashikana na majirani watatu badala ya wanne, na zinajipanga katika tabaka bapa la pembe sita zilizounganika. Fikiria mikeka mingi iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Ukindu wa mkeka mmoja mmoja umesukwa ukakaza, huwezi kuuchana kirahisi. Lakini ukiusukuma mkeka wa juu unateleza, maana haukushonwa na wa chini yake. Penseli inapopita kwenye daftari inaacha matabaka yaliyoteleza. Ndani ya tabaka vifungo vyake vina nguvu hata kuliko vya almasi. Na ile elektroni ya nne, isiyo na jirani wa kumshika, inatembea huru ndani ya tabaka, ndiyo maana kinywe hupitisha umeme.

Ulaini huo na utelezi wake unawafanya watu wakione kinywe kama kitu dhaifu, na hapo wanakosea sana. Kwa joto, hakuna anayekifikia kirahisi. Katika mgandamizo wa kawaida wa hewa hakiyeyuki. Ukikipasha moto mahali pasipo na oksijeni kinavumilia hadi nyuzi zaidi ya 3,500, kisha kinageuka mvuke moja kwa moja. Vile vyungu vyeusi ambavyo masonara na wachenjuaji wa Kanda ya Ziwa huyeyushia dhahabu vimetengenezwa kwa kinywe na udongo. Dhahabu inayeyuka kwa nyuzi 1,064 na chungu hakina habari.

Ukitaka kukiona kinywe kikiwa ndani ya mwamba, nenda Mererani, mkoani Manyara. Tanzanaiti imo katika miamba yenye kinywe kingi, na mchimbaji anayetoka shimoni huwa ameng'aa weusi wa kijivu uso mzima, rangi ileile ya pembeni mwa kidole cha mtoto anayeandika kwa penseli. Ila hazina kubwa ya kinywe chetu iko Mahenge, wilayani Ulanga, na Ruangwa, mkoani Lindi. Ni magamba bapa yanayometa ndani ya jiwe. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita kaboni hiyo ilikuwa mabaki ya viumbe vidogo katika tope la bahari. Mabara yakagongana, tope likafukiwa na kupikwa, na kila kilichokuwa hai ndani yake kikaishia kuwa matabaka ya pembe sita.

Dunia inakitaka kinywe hicho kwa ajili ya betri. Mwaka 1980 mwanasayansi Mmorocco, Rachid Yazami, aliyezaliwa Fez na aliyekuwa akifanya utafiti Grenoble, Ufaransa, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingizwa katikati ya matabaka ya kinywe kwa umeme na kutolewa tena bila kuyaharibu. Hicho ndicho kinachotokea ndani ya simu yako usiku inapochajiwa: chembe za lithiamu zinajipenyeza kati ya matabaka, nafasi moja kwa kila atomu sita za kaboni, na mchana zinatoka zikikupa umeme. Betri ya gari la umeme hubeba makumi ya kilo za kinywe, kwa kawaida kingi kuliko lithiamu yenyewe. Lakini kinywe cha betri lazima kisafishwe hadi kifikie asilimia 99.95, na magamba yake yaviringishwe yawe chembe za duara, na sehemu kubwa ya kazi hiyo leo inafanyika Uchina. Nasema kwa uchungu wa mwalimu: kati ya kuuza gamba na kuuza chembe iliyosafishwa kuna kemia, na kemia hiyo ndiyo ningependa kuona wanafunzi wangu wakiajiriwa kuifanya, hapahapa nchini.

Tabaka moja tu la kinywe, lenye unene wa atomu moja, linaitwa grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walilitenga mwaka 2004 kwa kubandua kinywe kwa selotepu tena na tena, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel. Linashinda chuma kwa nguvu, na mwanga unaolipita unapungua kwa asilimia 2.3 tu. Imeahidiwa mengi juu ya grafini. Nyingi ya ahadi hizo bado hazijafika dukani. Kabla yake, mwaka 1985, Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley walikuwa wamegundua kwamba atomu 60 za kaboni zinaweza kujifunga zenyewe kuwa duara lenye pembe tano 12 na pembe sita 20, hesabu ileile ya vipande vya mpira wa miguu wa zamani wenye mabaka meusi na meupe. Wakaziita fulereni, wakapata Nobel yao mwaka 1996. Vijibomba vya kaboni vikafuata. Haya yote ni mazuri, na mitihani inayapenda, ila mimi nina haraka ya kufika kwenye mkaa.

Vitabu vingi vya shule vinaumaliza mkaa kwa mstari mmoja: kaboni isiyo na umbo maalumu. Mstari huo unaudhulumu. Ukiutazama mkaa kwa karibu kabisa utakuta pembe sita zilezile za kinywe, lakini katika vipande vidogo vilivyokunjamana, vimeshikana ovyo, kila kimoja kikielekea upande wake, na kati yao kuna nafasi tupu. Aliyelieleza jambo hili vizuri ni Rosalind Franklin, Mwingereza ambaye wengi wanamjua kwa picha za eksirei zilizosaidia kufumbua umbo la DNA. Kabla ya DNA alikuwa mtaalamu wa makaa. Alianza kuchunguza makaa ya mawe mwaka 1942, wakati wa vita, akaendelea huko Paris, na mwaka 1951 akachapisha kazi iliyogawa kaboni katika makundi mawili: zile ambazo ukizipasha moto sana zinajipanga zikawa kinywe, na zile ambazo hata ukizifikisha nyuzi 3,000 hazikubali. Mkaa wa mti uko kwenye kundi la pili. Vipande vyake vimefungana kwa mshazari kiasi kwamba haviwezi kugeuka vikalala sambamba.

Ukaidi huo una faida, na faida yenyewe niliiona kwa mjomba wangu, wilayani Kahama. Mjomba anafanya kazi kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Wachimbaji wadogo wanaponda mawe kwenye karasha, wanaosha, wanakamata dhahabu kwa zebaki, na mchanga unaobaki wanauita marudio. Bado una dhahabu ambayo jicho haliioni. Marudio hayo yanalowekwa katika matangi yenye maji ya sayanaidi, na sayanaidi inaiyeyusha dhahabu ikaingia kwenye maji. Hapo una tangi la maji yasiyo na rangi ya dhahabu wala dalili ya dhahabu, yenye sumu inayoua mtu, na utajiri umo humo. Unautoaje?

"Kwa hii," mjomba akaniambia, akanimiminia kiganjani punje nyeusi zenye ncha, kavu, ambazo hazijaingia kazini. "Sisi tunaiita kaboni. Wewe mwalimu ndiye unayelijua jina lake la shule."

"Shikamoo mjomba, na mimi naiita kaboni," nikamwambia, akafurahi.

Ni mkaa wa vifuu vya nazi. Kifuu kinachomwa kwanza kikawa mkaa, kisha kinapitishwa kwenye mvuke wa maji wenye nyuzi 800 hadi 1,000. Mvuke unaila kaboni kidogo kidogo kutoka ndani, unazibua zile nafasi kati ya vipande vilivyokunjamana, na mwishowe gramu moja ya punje hizo inakuwa na uso wa ndani unaofikia meta za mraba 1,000, yaani karibu robo ya ekari. Maji ya dhahabu yanapopitishwa katika nguzo iliyojaa punje hizo, dhahabu inang'ang'ania kwenye kuta za vitundu na maji yanatoka matupu. Tani moja ya kaboni inaweza kubeba kilo kadhaa za dhahabu na bado ukiitazama ni nyeusi tu. Wanaipeleka kwenye elusheni, huko inaoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali, dhahabu inaachia, umeme unaikusanya, kisha inayeyushwa, ndani ya chungu cha kinywe. Kaboni yenyewe inapashwa moto upya na kurudishwa kazini.

Nilimuuliza mjomba kwa nini vifuu na si mkaa wa mgunga au mkaratusi tuliozungukwa nao. Akachukua punje akaisugua kati ya vidole vyake. "Angalia. Haitoi vumbi. Mkaa wa jikoni ungesagika kwenye nguzo, na vumbi likitoka na maji, limetoka na dhahabu ya watu." Kemia inamuunga mkono: kifuu ni kigumu, na vitundu vyake ni vidogo sana, vingi havifiki hata sehemu mbili kwa milioni za milimita moja kwa upana, ndivyo vinavyofaa kushika kitu kidogo kama chembe ya dhahabu na sayanaidi. Nchi kama Sri Lanka, Ufilipino na Indonesia zimejenga viwanda vikubwa kwa ajili ya punje hizi. Pwani yetu, kutoka Tanga hadi Mafia, kifuu kikikunwa nazi kinaishia jikoni kuwasha moto.

Mkaa wa namna hiyo ndio unaotumika hospitalini kwa mtu aliyemeza baadhi ya sumu, na ndio uliomo ndani ya vichujio vya maji. Tafadhali, mkaa wa jikoni hauwezi kuchukua nafasi yake. Vitundu vyake havijazibuliwa, na hata ule wa hospitali haushiki kila sumu, mafuta ya taa yakiwemo. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Masizi nayo ni kaboni ya jamii hii, vipande vidogo vya pembe sita vilivyojiviringa kuwa chembe laini mno. Yakitengenezwa makusudi kiwandani yanachanganywa kwenye mpira wa matairi, karibu robo ya uzito wa tairi, na bila hayo tairi lingelika upesi. Yakitoka jikoni kwenye kuni mbichi yanaingia mapafuni mwa mama anayepika na mtoto aliye mgongoni. Ni kitu kilekile, na sioni sababu ya kumfundisha mtoto habari ya tairi nikaacha habari ya mama yake.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho hahitaji maabara. Chonga penseli pande zote mbili hadi ncha nyeusi zitokeze. Chukua betri mbili za tochi, balbu ndogo ya tochi na vipande vitatu vya waya, uviunge viwe duara moja ambalo penseli ni sehemu yake. Balbu itawaka. Penseli ya HB itatoa mwanga hafifu, ya 6B mwanga mkali zaidi, kwa kuwa ina kinywe kingi na udongo kidogo. Sasa weka kipande cha mkaa wa jikoni mahali pa penseli: mara nyingi balbu haiwaki, kwa sababu tanuri la udongo haliupi mkaa joto la kutosha kuyaunganisha matabaka yake yapitishe umeme. Kijiti cheusi kilicho katikati ya betri kuukuu ya tochi, ambacho kilichomwa kiwandani kwa joto kubwa, kitaiwasha vizuri. Uliyekitoa nawa mikono, maana unga unaokizunguka una madini mengine ndani yake. Na jaribio hili lifanywe kwa betri peke yake, kamwe si kwa umeme wa ukutani, kwa sababu penseli ileile iliyoiwashia balbu itaupitisha umeme huo hadi mkononi mwa aliyeishika.